Roki ya Zambia kwa masikio ya Kigoma: podikasti inatupa nini, inatunyima nini

Tafuta roki ya Zambia kwenye programu yoyote ya podikasti na utapata vipindi vya kukukesha. Vingi vinaanza kwa mtindo mmoja. Gitaa lenye mkwaruzo linalia kwa sekunde chache, sauti inashushwa, kisha mtangazaji anaingia kukwambia kwamba miaka ya 1970 palikuwa na vijana wa Kiafrika waliopiga roki nzito, wakasahauliwa, halafu wakagunduliwa upya. Kuanzia hapo ni maongezi, pengine saa nzima, na muziki wenyewe unachungulia tu kila baada ya dakika kadhaa.

Msikilizaji anabaki na maswali ambayo kipindi hakiyajibu. Kwa nini kipindi cha muziki hakipigi muziki? Kwa nini karibu kila mtangazaji anamhoji mtu yule yule? Lusaka inatajwa kila dakika, lakini bendi inayosifiwa kuliko zote ilitoka Kitwe, sasa huu ni muziki wa mji upi? Na nani hasa aliusahau?

Nayachukua maswali haya kwa uzito kwa sababu, kwa mtu wa Kigoma, Zambia si nchi ya kusimuliwa na watu wa mbali. Ni nchi iliyo kwenye ncha ya kusini ya ziwa letu, Tanganyika. MV Liemba, meli iliyoshushwa majini hapa hapa Kigoma mwaka 1915, kwa miongo mingi ilikuwa ikipakia watu na mizigo yao hadi bandari ya Mpulungu. Mwaka 1976 Sunburst, bendi iliyoanzia Dar es Salaam na iliyochanganya roki na midundo ya kwetu, ilirekodi albamu yake "Ave Africa" ikiwa Zambia. Kwa hiyo tunaposikiliza podikasti hizi tunasikiliza habari za jirani zikiwa zimezunguka Ulaya na Marekani kwanza, ndipo zikatufikia. Ni haki yetu kuuliza njiani zimepoteza nini.

Shaba kwanza, gitaa baadaye

Simulizi inayopendwa na watangazaji ni ya muujiza: vijana walisikia Rolling Stones, Jimi Hendrix na Deep Purple, wakapagawa, wakaunda bendi. Walisikia, ni kweli. Lakini vijana wa Ujiji, Tabora na Morogoro nao walikuwa na masikio, na wao wakapiga muziki wa dansi wenye rumba ndani yake, si roki. Kupenda peke yake hakutoshi kueleza jambo. Gitaa la umeme, amplifaya, dramu na nyaya vyote vinanunuliwa kwa fedha, tena fedha za kigeni.

Zambia ilikuwa nazo. Ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na katika miaka iliyofuata shaba ilileta zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake ya kigeni. Migodi ilikuwa Kitwe, Mufulira, Chingola, Luanshya na maeneo jirani, mkoa unaoitwa Copperbelt. Mchimbaji alilipwa kila mwezi, na penye mshahara wa kila mwezi hapakosi baa, ukumbi wa burudani wa wafanyakazi na duka la santuri. WITCH, bendi iliyoongozwa na mwimbaji Emmanuel Chanda anayejulikana zaidi kama Jagari, ilichipukia Kitwe. Ndola palikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na kampuni ya Zambia Music Parlour ya Edward Khuzwayo nayo ilikuwa huko huko. Lusaka ilikuwa makao ya serikali na redio ya taifa, na bendi zililazimika kufika huko zikitaka kujulikana nchi nzima. Kwa hiyo ukisikia "muziki wa Lusaka", elewa ni miji mitatu minne iliyounganishwa na barabara, reli na mishahara ya migodini. Podikasti inapenda mji mmoja kwa sababu mji mmoja unasimulika kirahisi.

Sababu ya pili ni ya kisiasa, na hii podikasti huitaja ingawa mara nyingi huipita haraka. Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga gitaa, aliagiza redio ya taifa ipige asilimia 95 ya muziki wa Zambia. Agizo hilo liliwalazimisha vijana waliokuwa wakipiga kopi za nyimbo za Waingereza watunge za kwao, maana kopi haikuwa na nafasi tena hewani. Ila agizo halikuwaambia watunge kwa ala gani. Ukitunga wimbo kwa Kibemba, Kinyanja au Kiingereza, ukapiga na gitaa lenye mkwaruzo, wimbo ulihesabika kuwa wa Zambia. Hapo ndipo ladha ya roki ilipopata mlango halali wa kuingilia redioni.

Linganisha na kwetu. Mwezi Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulijumuisha Dar es Salaam, ulipiga marufuku soul, muziki wa Wamarekani weusi, kwa hoja kwamba unapotosha vijana. Nchi zote mbili zilikuwa zikitafuta utamaduni wa taifa huru. Zambia ilijali zaidi nani ametunga, sisi tukatazama zaidi sauti yenyewe imetoka wapi. Bendi zetu zilikuwa na umeme, ustadi na wapenzi, lakini roki ilibaki pembeni, na Sunburst ikaishia kurekodi kwa jirani. Kipindi kizuri cha podikasti kuhusu mji wowote kingeanza na mambo ya namna hii: nani alilipwa, alilipwa na nani, na serikali ilisema nini. Vipindi vingi huanza na kofia, suruali za miguu mipana na dawa za kulevya.

Shaba hiyo hiyo inaeleza na mwisho wake. Januari 1973 mpaka wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na Zambia ulifungwa, na njia kuu ya mizigo ya kusini ikakatika. Bei ya shaba ilifika kilele mwaka 1974, kisha kabla mwaka haujaisha ikaporomoka kwa zaidi ya nusu, wakati mafuta yalikuwa yamepanda tangu mwaka uliotangulia. Nchi ikaishiwa fedha za kigeni. Plastiki ya santuri, nyaya za gitaa, vipuri vya amplifaya, vyote vilikuwa vya kuagiza. Vita vya ukombozi katika nchi za jirani vilileta amri za kutotembea usiku, na bendi zilizozoea kupiga hadi usiku wa manane zikahamishia maonyesho mchana. Muziki wa disko ukaingia, na mwenye baa akagundua kwamba mtu mmoja mwenye mashine ya santuri anamgharimu kidogo kuliko vijana watano wanaotaka kula. Kisha ukaja UKIMWI. Paul Ngozi, kiongozi wa bendi ya Ngozi Family aliyesifika kwa kupiga gitaa kwa meno, alifariki mwaka 1989.

Mtu mmoja anayebeba bendi nzima

Kati ya wanamuziki waliounda WITCH ya mwanzo, aliyebaki hai ni Jagari peke yake. Hii ndiyo sababu unasikia sauti yake kila unapogeukia. Alipoiacha bendi, alifundisha muziki, kisha akaingia kwenye uchimbaji wa vito. Watu kutoka nje walimfikia huko, na ujumbe wao ulikuwa kwamba santuri zake za zamani zinauzwa kwa bei kubwa Ulaya. Filamu ya hali halisi kuhusu safari hiyo ilitoka mwaka 2019, na mwaka 2023 WITCH yenye wanamuziki wapya na wa zamani ilitoa albamu iitwayo "Zango".

Namheshimu sana mzee huyu. Anasimulia kwa ukarimu, anakumbuka majina ya wenzake, na hawatupi wafu wake. Lakini msikilizaji makini lazima ajue anachosikia ni nini. Historia ya bendi yenye watu watano ikisimuliwa na mmoja, inakuwa kumbukumbu ya mwimbaji. Mpiga besi angekumbuka mambo mengine. Aliyeendesha gari la vyombo angekumbuka mengine kabisa, hasa ya barabarani na ya malipo. Akina dada waliojaza kumbi zile, ambao bila wao hakuna bendi ingelipwa, mara chache wanapewa kipaza sauti. Rikki Ililonga wa Musi-O-Tunya naye amehojiwa, na ni vizuri kumsikiliza sambamba na Jagari, kwa sababu bendi yake ilifanya kazi Nairobi kwa muda na kumbukumbu zake zina Kenya ndani yake. Ukiwasikiliza wote wawili unaanza kuona pale ambapo simulizi hazilingani, na hapo ndipo historia inapoanza kupumua.

Jambo la pili ni mfuatano wa matukio. Kuanzia mwaka 2010 hivi, kampuni ya Now-Again ya Marekani ilianza kutoa upya muziki wa Rikki Ililonga, WITCH, Amanaz na Ngozi Family. Magazeti yakaandika, podikasti zikafuata. Yaani podikasti nyingi zilizaliwa baada ya santuri kurudi sokoni, na simulizi yake inaanzia kwa mkusanyaji wa santuri, siyo kwa mchimba shaba. Neno "kugunduliwa upya" linatoka hapo. Waliokuwa vijana Kitwe miaka ya 1970 hawakuhitaji kugunduliwa chochote, nyimbo za Paul Ngozi walikuwa nazo vichwani siku zote. Simlaumu mkusanyaji, kwani bila kazi yake mimi nisingezisikia nyimbo hizi kwa sauti safi. Nasema tu kwamba mwenye kuanza hadithi ndiye huamua nani awe mhusika mkuu.

Kwa nini muziki unakatwa

Tuje kwenye swali linalowakera wengi. Kila wimbo uliorekodiwa una haki za aina mbili ndani yake. Kuna haki ya tungo, yaani maneno na mahadhi, ambayo ni ya mtunzi au warithi wake au kampuni waliyoiuzia. Kuna na haki ya rekodi, ile sauti iliyonaswa studio siku fulani, ambayo kwa kawaida ni ya kampuni iliyogharamia kurekodi. Hawa wanaweza kuwa watu wawili wasiojuana kabisa, mmoja yuko Ndola na mwingine Los Angeles.

Redio ina njia yake iliyozoeleka. Kituo kinalipa ada kwa chombo kinachokusanya mirabaha, kinapata kibali cha jumla, kisha kinapiga nyimbo bila kumtafuta kila mtunzi. Wimbo unapita hewani na kupotea. Podikasti haipotei. Ni faili linalokaa kwenye mashine ya mwenye kipindi, likanakiliwa kwenye simu ya kila msikilizaji, likabaki humo hata mwaka mzima, na linapatikana Kigoma, Kitwe na Chicago kwa wakati mmoja. Kibali cha kurusha hewani hakifuniki kunakili. Mtengenezaji anatakiwa kuzungumza na mwenye tungo na mwenye rekodi, na mara nyingi makubaliano yenyewe yanahesabiwa nchi kwa nchi. Mtu anayetengeneza kipindi chumbani kwake kwa mapenzi tu hana wanasheria wala fedha za kazi hiyo.

Wengi hujificha nyuma ya imani kwamba sekunde 30 ni bure. Sheria za Marekani na Uingereza, ambako podikasti nyingi za aina hii hutengenezwa, hazitaji sekunde zozote. Zinaangalia kama umekitumia kipande kwa kukijadili au kukihakiki, umechukua kiasi gani, na kama umemharibia mwenye mali soko lake. Ndiyo maana mtangazaji mwangalifu anapiga kipande kifupi, anakieleza papo hapo, kisha anasonga. Ule ukataji unaotuudhi ndio unaomlinda.

Athari yake ni kubwa kuliko usumbufu wa sikio. Wimbo ambao mwenyewe anajulikana na anapatikana, yaani uliotolewa upya na kampuni moja yenye barua pepe, ni rahisi kuombewa ruhusa, kwa hiyo unarudiwa katika kila kipindi. Wimbo wa Kibemba wa santuri ndogo uliotolewa na kampuni iliyokufa zamani hauna wa kuombwa, kwa hiyo unakaa kimya. Polepole msikilizaji anaamini kwamba roki ya Zambia ni zile albamu chache za Kiingereza zenye gitaa kali. Na mali hii ina thamani ya kweli. Mwaka 2024 mwanamuziki wa Marekani Tyler, The Creator alitumia kipande cha Ngozi Family cha mwaka 1977 katika wimbo wake "Noid", na vijana ambao hawakuwahi kumsikia Paul Ngozi wakaanza kumtafuta.

Dawa yake kwa msikilizaji ni kutoitegemea podikasti kwa muziki. Sikiliza kipindi, andika majina ya nyimbo, kisha zitafute nzima kwenye YouTube au kwenye huduma za muziki unazotumia, na uzisikilize bila maongezi ya mtu. Baada ya hapo rudia kipindi. Utashangaa mara ngapi mtangazaji anasifu gitaa ilhali kinachobeba wimbo ni besi na dramu.

Kuhusu bando

Hapa ni mafupi, kwa sababu mambo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Podikasti ni orodha ya mafaili ambayo programu ya simu huikagua mara kwa mara kuona kama kuna kipya. Huhitaji kusikiliza ukiwa mtandaoni. Kipindi cha saa moja cha maongezi kilichobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 29, na kikibanwa kwa kilobiti 128 ni kama MB 58. Pakua mahali penye mtandao wa bure au wakati bando la usiku ni nafuu, kisha sikiliza ukiwa kwenye boti kutoka Kibirizi au kwenye daladala ya Ujiji. AntennaPod ni programu ya bure ya Android inayofanya hivyo bila kukulazimisha kujisajili. Pia inakuruhusu kupunguza kasi ya maongezi, na hilo ni msaada mkubwa kwa sisi ambao Kiingereza cha haraka cha Wamarekani kinatuacha nyuma.

Na sisi, shaba yetu ilikuwa nini?

Nikisikiliza habari za Kitwe nazirudisha nyumbani kila mara. Kigoma palikuwa na Lake Tanganyika Jazz. Shem Karenga alipiga humo kabla ya kwenda Tabora Jazz, ambako "Dada Asha" ilimfanya ajulikane Afrika Mashariki nzima. Tabora nayo, mji ambao reli ya Kigoma na ya Mwanza zinaachana, ilikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids kwa wakati ambao leo mji kama huo ungejivuna kuwa na bendi moja. Swali la Kitwe linafaa hapa moja kwa moja: nani alikuwa na mshahara? Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na pamoja na bandari ilileta makarani, mafundi, makuli na mabaharia, watu wenye siku ya malipo na kiu ya Jumamosi. Ng'ambo ya ziwa kuna Kongo, na rumba ilivuka na watu waliokuwa wakivuka. Gitaa la Kigoma lilijifunza kutoka magharibi kwa njia ya maji, wakati gitaa la Kitwe lilijifunza kutoka kwenye santuri za Kiingereza.

Mkwamo pia unafanana. Santuri za bendi zetu zilikuwa zikichapishwa Kenya, na Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Miaka ile ile Wazambia walipokosa fedha za plastiki, sisi tulikosa njia ya kufikia kiwanda. Kilichobaki kwa wingi ni kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako bendi zilisafiri kwenda kurekodiwa kwa ajili ya matangazo. Kanda hizo leo ziko chini ya TBC, shirika la utangazaji la taifa.

Kijana wa Kigoma anayetaka kutengeneza podikasti ya muziki wa mji huu atakutana na mafundo yale yale, kwa hiyo ni heri ayajue mapema. Kwa rekodi za redio wa kuulizwa ni TBC. Kwa tungo ni mtunzi au warithi wake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiyo ya kuanzia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda tungo kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shem Karenga alifariki mwaka 2014, kwa hiyo kwa kipimo hicho tungo zake zina wenyewe hadi mwaka 2064. Hakuna cha kunyakua kwa kisingizio kwamba ni wimbo wa zamani.

Lakini maongezi hayana kibali cha mtu wa mbali. Mzee aliyepiga tumba, mama aliyekuwa akikata tiketi mlangoni, fundi wa bandarini aliyetengeneza amplifaya kwa vipuri vya redio, hao wanahitaji kuombwa wao wenyewe tu, na simu yenye nafasi ya kutosha kurekodi. Ningeanza na wasiokuwa jukwaani. Ningewauliza kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, bendi ililala wapi ilipokuja kutoka Tabora, na ni wimbo gani uliowafanya watu wasimame wote. Ningeomba wanitajie majina ya waliokufa pamoja na ala walizopiga, nikayaandika kwenye maelezo ya kipindi yakae humo yasomeke. Kipindi kama hicho kinaweza kwenda hewani bila sekunde hata moja ya santuri, na siku TBC au warithi wakiruhusu, nyimbo zitaongezwa mahali pake.